ttyUSB1 si hitilafu: kumbukumbu, draiva, na nani huondoka wa mwisho

Leo nataka kutetea kitu kinachotukanwa sana.

Kama umewahi kutumia Linux pamoja na kifaa cha USB kinachoongea kwa njia ya serial (modemu, mizani ya dijitali, kipimajoto, bodi ya Arduino), bila shaka umekutana na jambo hili. Unachomeka kifaa, kinapewa jina /dev/ttyUSB0. Programu yako inakifungua na kazi inaendelea vizuri. Baadaye waya unalegea kidogo. Unauchomeka tena, na kifaa kilekile sasa kinaitwa /dev/ttyUSB1. Programu yako bado inabisha hodi kwenye ttyUSB0, wala hakuna anayeitika. Basi unailaani Linux, unazima mashine, unawasha, na mambo yanarudi kama kawaida.

Lawama hii nimeisikia hapa Kisumu tangu enzi zile za modemu za Huawei E220, kabla intaneti ya nyaya haijaenea mitaani. Modemu zile zilikuwa na taabu zaidi kwa sababu moja tu ilichukua zaidi ya namba moja, kwa hiyo ukiichomoa na kuirudisha hukujua itatokea wapi. Hadi leo kuna watu wanaamini kuwa huo ulikuwa ubovu wa Linux.

Mimi nasema kerneli ilikuwa sahihi kabisa, tena ilikuwa inakukinga na balaa kubwa zaidi. Nyuma ya ile namba kugeuka kutoka 0 kwenda 1 kuna swali ambalo limewasumbua waandishi wa kerneli kwa miaka mingi: kumbukumbu iliyochukuliwa kwa ajili ya kifaa irudishwe lini, na nani aseme kuwa sasa ni sawa kuirudisha? Nitakwenda polepole ili hata asiyeandika programu aweze kufuata.

Draiva haina mtu nyuma yake

Tuanze na msingi. Kerneli ni ile sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia kila kitu kwenye mashine: nani apate muda wa prosesa, nani apate kumbukumbu, nani aguse diski. Draiva ni kipande cha programu kinachoishi ndani ya kerneli na kujua lugha ya kifaa fulani. (Usimchanganye na dereva wa matatu, ingawa wote wawili wakikosea mnaumia wote mliomo ndani.)

Programu ya kawaida, kama kivinjari, inapohitaji kumbukumbu huiomba kwa kerneli. Ikisahau kuirudisha, si neno. Siku programu ikifungwa au ikianguka, kerneli hupita nyuma yake na kukusanya kila kitu ilichokuwa nacho: kumbukumbu, mafaili yaliyofunguliwa, miunganisho ya mtandao. Kuna mtu wa kufagia.

Draiva haina mtu huyo, kwa sababu draiva yenyewe ni sehemu ya mfagiaji. Ikichukua kumbukumbu kwa kmalloc, itabaki imechukuliwa mpaka draiva yenyewe iseme kfree, au mpaka uzime mashine. Na draiva ikiandika mahali pasipo pake, hakuna ukuta wa kuizuia. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona maana ya hili, pale faili moja la masasisho la CrowdStrike lilipoifanya draiva yake kwenye Windows isome kumbukumbu nje ya mipaka. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Kosa lile lilikuwa la mipaka, halikuwa la muda wa maisha ya kumbukumbu, lakini linaonyesha jinsi ndani ya kerneli kusivyo na mahali pa kuangukia polepole.

Makosa mawili, na moja ni baya zaidi

Kwenye kurudisha kumbukumbu kuna njia mbili kuu za kukosea.

La kwanza ni kutorudisha. Hilo huitwa kuvuja kwa kumbukumbu. Chukua mfano wa hesabu tu: draiva inachukua bafa ya kilobaiti 64 kila kifaa kinapochomekwa, na haiirudishi kinapochomolewa. Kwenye mashine ya ofisini ambako kifaa huchomekwa mara moja kwa mwezi, hutajua kamwe. Kwenye mashine ambayo kifaa chake kinapotea na kurudi mara 200 kwa siku kwa sababu ya waya mbovu, unapoteza karibu megabaiti 12.8 kila siku. Kompyuta ndogo yenye megabaiti 512 itakuwa imekaukiwa katika siku 40 hivi, na kabla ya hapo itakuwa imeanza kujikokota.

La pili ni kurudisha mapema mno. Draiva inasema kfree wakati kuna sehemu nyingine ya kerneli ambayo bado imeshika anwani ya ile kumbukumbu. Kerneli inampa mtu mwingine nafasi hiyo. Kisha yule wa kwanza anakuja, hana habari, anasoma na kuandika kana kwamba bado ni pake. Ni kama kumkodishia mtu mpya kibanda pale soko la Kibuye huku mpangaji wa zamani bado ana ufunguo mfukoni. Hakuna ajuaye nani atakuta nini asubuhi.

Kati ya haya mawili, la pili ndilo la kuogopwa. Kuvuja kunakumalizia kumbukumbu, lakini kutumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa kunaweza kuharibu data kimyakimya, na mdukuzi mwenye ujuzi anaweza kupanga ni nini kiwekwe kwenye ile nafasi kabla mwenye ufunguo hajarudi. Hapo anakuwa ameingia ndani ya kerneli yenyewe.

Mtumbwi bado uko majini

Wanaopita ufuoni Dunga wanajua kwamba mara nyingi mwenye mtumbwi si yeye anayekwenda kuvua. Mwenye chombo anabaki nchi kavu, wavuvi wanaingia nacho ziwani usiku, na mapato yanagawanywa wakirudi. Sasa fikiria mwenye mtumbwi ameamua saa nane za usiku kwamba biashara basi, chombo kipasuliwe mbao. Uamuzi ni wake, mali ni yake. Lakini kuna watu wanne ndani ya hicho chombo, katikati ya ziwa. Kwa hiyo anaweza kuamua sasa, ila kupasua kunangoja mtu wa mwisho ashuke.

Kerneli ya Linux ina chombo cha kufanya hivyo hasa, kinaitwa kref, kilicholetwa mwaka 2004 na Greg Kroah-Hartman. Ni hesabu tu. Kila anayeshika kitu anaongeza moja. Kila anayekiachilia anapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, na hapo tu, kitu kinavunjwa na kumbukumbu yake inarudishwa. Ni daftari kama lile la BMU pale ufuoni, linaloandika vyombo na wavuvi wake, isipokuwa hili la kerneli halina ruhusa ya kukosea hata mara moja.

Turudi kwenye ttyUSB0. Ulipochomeka waya, draiva ya usb-serial ilitengeneza muundo kwenye kumbukumbu wa kuwakilisha kile kifaa, ikakipa namba 0. Programu yako ilipofungua /dev/ttyUSB0, hesabu ikaongezeka. Waya ulipochomoka, kifaa chenyewe kikaondoka, draiva ikakata simu (ndivyo hasa inavyoitwa, kukata, jina la enzi za modemu za simu) na kuachilia sehemu yake. Lakini programu yako bado ilikuwa imeshika lile faili. Hesabu haikufika sifuri. Kwa hiyo kerneli ikauacha ule muundo mahali pake pamoja na namba yake, na kifaa kiliporudi kikapewa namba iliyokuwa wazi, yaani 1.

Je, ungetaka ifanye nini badala yake? Ingevunja muundo wa kwanza kwa nguvu na kumpa mgeni namba 0, programu yako ingekuwa na ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine. Ile ttyUSB1 unayoilaani ni alama kwamba daftari limetunzwa vizuri. Programu yako ndiyo haijashuka mtumbwini.

Chumba baridi na nyuzi tatu za uongo

Kwamba hili si mjadala wa vitabuni tu, nililiona kwenye kazi moja ufuoni. Wenyewe siwataji, wala kampuni iliyowafungia mitambo. Kulikuwa na chumba baridi cha kuhifadhia mbuta, na kompyuta ndogo ya Linux ikisoma kipimajoto kupitia adapta ya USB. Kompyuta ilikuwa kwenye betri ya sola. Habu ya USB ilikuwa kwenye umeme wa ukutani.

Tazama mpangilio huo vizuri, kwa maana ndio mpangilio wa huku kwetu. Umeme ukikatika kwenye kompyuta isiyo na betri, kumbukumbu yote inafutika na hakuna cha kusafisha, kila kitu kinaanza upya. Taabu inakuja pale kompyuta inapobaki hai huku vifaa vyake vikifa na kufufuka. Kila umeme unapoyumba, kipimajoto kinapotea sekunde kadhaa na kurudi. Draiva inalazimika kupitia njia yake ya kutokea, ile ambayo mwandishi wake huenda aliijaribu mara mbili tu mezani kwake.

Draiva ilifanya kazi yake. Baada ya kifaa kupotea, kusoma kutoka kwenye faili la zamani kulirudisha baiti sifuri, ambayo ndiyo namna ya kerneli ya kusema mlango huu umefungwa. Programu iliyofungwa pale ilitafsiri sifuri kama hakuna kipimo kipya kwa sasa, ikaendelea kuonyesha kipimo cha mwisho. Skrini ilisema nyuzi 3 usiku kucha. Ndani ya chumba hali ilikuwa nyingine kabisa, na samaki walikuwa wa akina mama waliowanunua kwa pesa taslimu.

Dawa yake haikuhitaji kugusa kerneli. Programu ikipata sifuri au kosa la kusoma na kuandika, ifunge faili. Ikishafunga, hesabu inafika sifuri, muundo unavunjwa na namba inakuwa huru. Kisha itafute kifaa kwa jina lake la kudumu chini ya /dev/serial/by-id, isitegemee namba. Fundi wa pale alikuwa na dawa yake: zima uwashe. Nayo kweli inafanya kazi, ukiwa karibu na swichi. Mashine ikiwa Mfangano na wewe uko Kisumu, zima-uwashe ni safari ya hadi Mbita na kisha boti.

Draiva iliyoko mfukoni mwako

Unaweza kusema hayo ni ya wenye vyumba baridi. Haya, toa simu yako. Kama ni ya Android, ndani yake mna kerneli ya Linux, na ndani ya kerneli hiyo mna draiva iitwayo Binder. Haiendeshi kifaa chochote cha kushikika. Kazi yake ni kupitisha ujumbe kati ya programu na programu. Karibu kila kitu unachofanya kwenye simu kinapita hapo.

Ndani ya Binder, kila uzi wa programu unaotumia huduma zake ulikuwa na muundo wake kwenye kumbukumbu, na ndani ya muundo huo mlikuwa na foleni ya wanaosubiri. Kuna sehemu nyingine ya kerneli, epoll, ambayo ingeweza kushika anwani ya ile foleni ili ijue ujumbe ukifika. Programu ikiiambia Binder kwamba uzi huu umemaliza, Binder ilivunja muundo na kurudisha kumbukumbu. Lakini epoll bado ilikuwa imeshika foleni. Mtumbwi ulipasuliwa, na mtu mmoja alikuwa ndani.

Hitilafu hii iligunduliwa Novemba 2017 na syzkaller, chombo cha Google kinachorusha maombi ya ovyo kwenye kerneli mchana na usiku mpaka kitu kivunjike. Kiraka kikaingia Februari 2018. Lakini hakikupewa namba ya hatari, wala hakikufika kwenye simu nyingi zilizokuwa tayari sokoni. Oktoba 2019 Maddie Stone wa timu ya Project Zero ya Google alitangaza kuwa hitilafu hiyohiyo ilikuwa hai kwenye simu kama Samsung S7, S8 na S9, Huawei P20, Xiaomi Redmi 5A na Redmi Note 5, na kwamba kulikuwa na dalili inatumiwa kuvamia watu. Kampuni ya NSO ya Israeli ilitajwa, ikakana. Ndipo ikapewa namba: CVE-2019-2215. Januari 2020 watafiti wa Trend Micro wakakuta programu kwenye duka la Google Play zenyewe zikiitumia.

Sasa tembea kwenye maduka ya simu za mitumba hapa mjini uone majina hayo kwenye kabati la kioo. Simu hizi ndizo benki ya watu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mama anayeuza omena anapokea malipo kwa simu ambayo huenda imekuwa na wenyewe wawili kabla yake. Ukinunua simu ya zamani ya Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utafute tarehe ya marekebisho ya usalama. Kiraka cha hitilafu hii kimo kwenye kiwango cha 2019-10-06 na kuendelea. Ikiwa tarehe ni ya nyuma ya hapo, usiweke pesa humo.

Ufagio unaojiendesha wenyewe

Waandishi wa kerneli si wajinga, wamejaribu kurahisisha mambo. Mwaka 2007, kwenye Linux 2.6.21, Tejun Heo alileta mfumo ambao draiva inaweza kusema: kumbukumbu hii iambatane na kifaa hiki, kikiondoka irudishwe yenyewe. Kitendakazi kinachojulikana zaidi cha mfumo huo ni devm_kzalloc. Faida yake ni kubwa. Zamani nusu ya draiva ilikuwa ni maandishi ya kusafisha: hatua ya tano ikishindikana, rudi ufute ya nne, ya tatu, ya pili, kwa mpangilio wa kinyumenyume. Watu walisahau, na kumbukumbu ikavuja. Sasa hayo yote hufanyika yenyewe.

Lakini soma tena: ikiambatana na kifaa. Kifaa kikichomolewa, kumbukumbu inarudishwa, hata kama kuna programu ambayo bado imefungua faili la kifaa hicho. Programu ikiuliza swali lake linalofuata, draiva inachungulia kwenye kumbukumbu ambayo si yake tena. Laurent Pinchart, mwandishi wa siku nyingi wa draiva za kamera, alilisema hili wazi kwenye mkutano wa Linux Plumbers mjini Dublin mwaka 2022, akieleza kwa nini devm_kzalloc inadhuru. Watu wengi walikuwa wakiinakili kila mahali kwa imani kwamba imemaliza tatizo.

Mimi siko tayari kuitupa devm. Kwa mambo ambayo yana maana wakati kifaa kipo tu, kama rejista zake, saa zake na ishara za kukatiza, ni chombo kizuri. Ila ikiwa programu ya mtumiaji inaweza kukishika kitu hicho, maisha yake hayafuati ya kifaa. Yanafuata ya yule wa mwisho anayeshika, na hapo hakuna njia ya mkato, ni daftari la kref.

Na Rust je? Lugha hii iliingia kwenye kerneli kwa toleo la 6.1, Desemba 2022, na sifa yake kubwa ni kwamba mkusanyaji wake anakataa programu ambayo hajaridhika nani ni mwenye kumbukumbu na kwa muda gani. Napenda sana mwelekeo huo. Binder yenyewe imeandikwa upya kwa Rust na kuingia toleo la 6.18 mwaka 2025. Lakini Desemba mwaka huohuo, namba ya kwanza ya hatari kutolewa kwa msimbo wa Rust ndani ya kerneli, CVE-2025-68260, ilikuwa ya Binder hiyohiyo: mbio kati ya nyuzi mbili juu ya orodha moja, kwenye kipande kilichoruhusiwa kukwepa ukaguzi. Ni hitilafu chache kuliko zamani, lakini swali la nani ameshika nini bado linamhitaji binadamu wa kulijibu.

Kwa nini hili ni letu

Kuna vijana hapa Kisumu na Maseno wanaoniambia kerneli ni kazi ya watu wa mbali. Sikubaliani. Mwanzoni mwa 2020 Mkenya mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo ya Outreachy alituma viraka vya kusafisha msimbo wa debugfs kwenye draiva za michoro, vikaingia kerneli rasmi. Linalotakiwa ni kompyuta, subira na Kiingereza cha barua pepe.

Tena tuna faida ambayo wengine hawana. Draiva nyingi huandikwa mezani ambako umeme hauyumbi na waya hauchomoki. Njia ya kuingia hupitiwa maelfu ya mara, ya kutokea mara chache mno. Novemba 2017 Andrey Konovalov alitangaza hitilafu 14 za usalama kwenye draiva za USB za Linux kwa mpigo mmoja, nyingi zikiwa zinaamshwa na kifaa kinachofanya yasiyotarajiwa. Kwetu kifaa kufanya yasiyotarajiwa ndiyo hali ya kawaida ya Jumanne. Maabara ya njia ya kutokea tunayo bure, ila tunaizima na kuiwasha badala ya kuandika tulichokiona.

Kwa anayetaka kuanza, si lazima uchakaze waya. Jenga kerneli yenye KASAN (ipo tangu toleo la 4.0 la 2015, hukamata anayegusa kumbukumbu iliyorudishwa) na kmemleak (tangu 2009, hutafuta iliyosahaulika). Fungua faili la kifaa kwa programu yoyote, liache wazi, kisha mchomoe mwenye draiva kwa amri:

echo '1-1.2' > /sys/bus/usb/drivers/usb/unbind

Weka namba ya kifaa chako badala ya 1-1.2, tena fanya kwenye mashine ya majaribio. Kisha iambie programu isome, iandike, halafu ifunge. Rudia mara mia, uende uitazame dmesg. Mwisho:

echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak
cat /sys/kernel/debug/kmemleak

Na kama unaandika draiva yako mwenyewe, au hata programu ya kawaida inayokaa wazi miezi mitatu bila kuguswa, kabla ya kuomba kumbukumbu jibu maswali matatu kwenye karatasi. Nani wote wanaweza kushika kitu hiki? Kila mmoja atajuaje kuwa kifaa kimeondoka? Na nani atakuwa wa mwisho? Ukishindwa kujibu la tatu, usiandike kfree bado. Acha ivuje kwanza, maana kuvuja kutakuamsha baada ya siku 40, lakini kurudisha mapema kunaweza kukaa miaka miwili kwenye simu za watu kabla mtu hajaja kukuambia.

Anayeanza na asianze na draiva kubwa. Chukua adapta ya serial ya bei rahisi, fungua ttyUSB0, chomoa waya, uone ttyUSB1 ikizaliwa. Kisha ufungue msimbo wa usb-serial utafute mstari unaoifanya hivyo. Ni faili moja, linasomeka jioni moja, umeme ukiwepo :-)